Kati ya "Uvimbe wa Moyo" na Idhini ya Mzazi: Lugha ya Kueleza Athari za Chanjo kwa Moyo wa Kijana, kwa Mfano wa Naro Moru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyotumika, na namna kinavyopaswa kutumika, kumweleza mzazi na kijana kuhusu athari nadra ya chanjo kwa moyo. Athari inayozungumziwa ni kuvimba kwa msuli wa moyo, ambako kulihusishwa na chanjo za korona za aina ya mRNA kuanzia mwaka 2021, hasa miongoni mwa wavulana. Mji wa Naro Moru, katika Kaunti ya Nyeri, umechukuliwa kuwa mazingira ya mfano. Makala yanaonyesha kwamba upotoshaji mwingi katika jambo hili huzaliwa na uteuzi wa istilahi, na kiambishi cha njeo, na kauli za uwezekano, hata pale ambapo msemaji hana nia ya kudanganya. Mwishoni kuna mfano wa matini ya maelezo pamoja na maswali ya majadiliano.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuulizwa na wenzetu wa vitivo vingine: "Istilahi zenu zinamfaa nani?" Swali hili huulizwa kwa mzaha, nasi hulijibu kwa mzaha. Lakini kuna siku swali hilo hukoma kuwa mzaha. Siku hiyo ni ile ambapo mzazi anawekewa karatasi mezani, anaambiwa mwanawe wa miaka 15 atachanjwa akikubali, naye anauliza: "Nimesikia inaharibu moyo. Ni kweli?" Jibu atakalopewa litategemea sayansi, ndiyo, lakini litamfikia kwa maneno. Maneno yakiwa mabovu, sayansi nzuri haitamsaidia.

Sheria ya nchi yetu imelitambua hilo. Katiba ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inataka mgonjwa aelezwe hali yake, manufaa, hatari na gharama za huduma kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Kwa hiyo kumweleza mzazi kwa lugha anayoifahamu ni haki yake. Anayepungukiwa na istilahi hapo anakuwa anapunguza haki ya mtu.

Makala haya yana malengo matatu. Kwanza, kueleza kwa ufupi jambo lenyewe la kitabibu. Pili, kubainisha mitego ya lugha inayolizunguka. Tatu, kupendekeza njia ya kulisema. Mifano ya mazungumzo iliyomo ni ya kubuni, imeundwa kwa ajili ya uchambuzi tu.

Kinadharia, makala yanaegemea mitazamo miwili ya istilahi. Eugen Wüster, aliyekuwa mwasisi wa nadharia ya jumla ya istilahi, alisisitiza kwamba dhana moja iwe na istilahi moja, ili wataalamu wasikanganyane. Maria Teresa Cabré, katika miaka ya 1990, aliipinga sehemu ya hoja hiyo kwa kuonyesha kwamba istilahi ni neno linaloishi katika mawasiliano, na kwamba umbo lake hubadilika kulingana na nani anazungumza na nani. Tutaona kwamba katika zahanati mitazamo yote miwili inahitajika.

2.0 Jambo Lenyewe Kitabibu

Si vyema kuchambua lugha ya jambo kabla ya kulielewa jambo lenyewe. Moyo ni pampu iliyoundwa kwa msuli. Nje ya msuli huo kuna utando wenye tabaka mbili unaouzunguka moyo kama mfuko. Msuli ukivimba kutokana na mwitikio wa kinga ya mwili, wataalamu huita hali hiyo miokaditisi. Ukivimba utando, huitwa perikaditisi. Hali zote mbili zilijulikana kabla ya korona. Mara nyingi huletwa na virusi vya kawaida. Hata chanjo ya ndui iliwahi kuhusishwa na miokaditisi, na jambo hilo lilionekana wazi Marekani mwaka 2003 wanajeshi wengi walipochanjwa.

Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2021, taarifa kutoka Israeli, kisha Marekani, zilionyesha vijana waliopata maumivu ya kifua siku chache baada ya dozi ya pili ya chanjo za mRNA, yaani Pfizer na Moderna. Mwezi Juni mwaka huo, mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo katika maelezo ya chanjo hizo. Mwezi Julai, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilifikia uamuzi kama huo. Oktoba 2021, baadhi ya nchi za Skandinavia zilisimamisha matumizi ya Moderna kwa vijana.

Takwimu zinazotajwa sana ni zile zilizochapishwa Januari 2022 na watafiti wa Marekani, kutokana na taarifa zilizokusanywa kati ya Desemba 2020 na Agosti 2021. Baada ya dozi ya pili ya Pfizer, ziliripotiwa takriban kesi 71 kwa kila dozi milioni moja kwa wavulana wa miaka 12 hadi 15, na takriban kesi 106 kwa kila dozi milioni moja kwa wavulana wa miaka 16 na 17. Kwa wasichana kiwango kilikuwa chini sana. Ikumbukwe kwamba mfumo huo hutegemea watu kuripoti, kwa hivyo hesabu inaweza kuwa pungufu.

Wengi wa vijana hao walilazwa hospitalini. Miongoni mwa waliokuwa chini ya miaka 30 ambao taarifa zao zilipatikana, takriban asilimia 87 walikuwa wamepoa dalili kufikia wakati wa kuruhusiwa kwenda nyumbani. Hata hivyo, picha za moyo zilizochukuliwa miezi kadhaa baadaye zilionyesha kwamba baadhi yao walikuwa bado na alama katika msuli, na maana ya alama hizo kwa maisha ya baadaye inaendelea kuchunguzwa. Juni 2025 maelezo ya chanjo hizo nchini Marekani yaliongezwa tena: kwa dozi za msimu wa 2023 na 2024, makadirio yalikuwa kesi 27 hivi kwa kila dozi milioni moja kwa wanaume wa miaka 12 hadi 24.

Upande wa pili wa mizani nao usisahaulike. Ugonjwa wa korona wenyewe huweza kuvimbisha msuli wa moyo, na katika makundi mengi ya watu hatari hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya chanjo. Kwa vijana wa kiume mizani ilikaribiana zaidi, ikitegemea aina ya chanjo na dozi. Ndiyo maana nchi kadhaa zilirefusha muda kati ya dozi ya kwanza na ya pili, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likawaweka watoto na vijana wenye afya njema katika kundi la kipaumbele cha chini kwa chanjo hii.

Nchini Kenya, kampeni ya chanjo ya korona ilianza Machi 2021 kwa AstraZeneca. Mwishoni mwa mwaka huo Wizara ya Afya iliwaruhusu vijana wa miaka 15 hadi 17 kupata Pfizer, na mwaka 2022 umri ukashushwa hadi miaka 12. Kwa kuwa mtu wa umri huo ni mtoto kisheria, idhini ilitoka kwa mzazi au mlezi. Hapo ndipo lugha ilipoingia.

3.0 Mazingira ya Naro Moru

Naro Moru ni mji mdogo ulio chini ya Mlima Kenya, upande wa magharibi, katika barabara inayotoka Nyeri kwenda Nanyuki. Ni lango la mojawapo ya njia za kupanda mlima, na uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000. Watu wake hulima viazi, vitunguu na kabeji, hufuga, hufanya kazi katika mashamba ya maua, au huwabebea wageni mizigo mlimani.

Kiisimujamii, mji huu una sifa mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni mseto wa lugha. Majina Naro Moru na Nanyuki yana asili ya Kimaasai; wakazi wengi leo huzungumza Kikuyu; na wapo wengine waliokuja kutafuta kazi kutoka pande mbalimbali. Kiswahili ndicho daraja sokoni, garini na zahanatini, lakini kwa wengi ni lugha ya pili, na kila mtu hukiingia kwa mlango wa lugha yake. Ya pili ni mwinuko wenyewe. Mahali ambapo kupanda ni kazi ya kila siku, "kukosa pumzi" na "moyo kwenda mbio" ni mambo ya kawaida. Kijana aliyerudi kutoka mlimani na kusema kifua kinambana huambiwa apumzike, anywe chai. Mara nyingi ushauri huo ni sahihi. Si mara zote.

Yafaa pia kukumbuka kwamba ugonjwa wa moyo miongoni mwa vijana wa Afrika Mashariki haukuanza na chanjo. Chanzo kikubwa ni homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo yasiyotibiwa na kuharibu vali za moyo. Kwa hivyo mzazi anaposikia "moyo wa kijana", huenda tayari anamkumbuka mtoto wa jirani aliyepelekwa kupasuliwa. Neno halimfikii likiwa tupu.

4.0 Mitego ya Lugha

4.1 Istilahi ya ugonjwa

Tuanze na jina. Istilahi iliyozagaa katika vyombo vya habari ilikuwa "uvimbe wa moyo" au "uvimbe wa misuli ya moyo". Tatizo la neno "uvimbe" ni kwamba msikilizaji wa kawaida hulielewa kuwa donge, kitu kinachoota na kukaa. "Ana uvimbe kichwani" ni kauli inayotisha, nayo huleta wazo la saratani. Mzazi aliyeambiwa chanjo inaweza kuleta "uvimbe wa moyo" anaona donge linaloota katika kifua cha mwanawe.

Njia ya pili ingekuwa kufuata ruwaza ambayo Kiswahili tayari kinayo. Tuna "homa ya ini", "homa ya uti wa mgongo" na "homa ya mapafu". Katika istilahi hizi zote, "homa" pamoja na jina la kiungo hutaja kuvimba kwa kiungo hicho. Kwa mantiki ya ruwaza, "homa ya moyo" ingekubalika, nayo ingekuwa fupi na yenye uzalishi. Lakini ina kasoro mbili. Kwanza, homa ya kawaida ni mojawapo ya athari ndogo zinazotarajiwa baada ya chanjo. Mzazi akiambiwa "huenda akapata homa" na pia "huenda akapata homa ya moyo", atashindwa kutofautisha lililo dogo na lililo kubwa. Pili, "homa" huashiria maambukizi, na miokaditisi ya baada ya chanjo si ya kuambukizana.

Njia ya tatu ni kuutohoa msamiati wa kimataifa: miokaditisi, perikaditisi. Njia hii inamridhisha Wüster: dhana moja, istilahi moja. Inamfaa muuguzi anayeandika rufaa kwenda hospitali kubwa. Kwa mzazi, hata hivyo, ni sauti tu.

Pendekezo la makala haya ni kutumia kitenzijina badala ya nomino ya kawaida: "kuvimba kwa msuli wa moyo" na "kuvimba kwa utando wa moyo". Tofauti kati ya "uvimbe" na "kuvimba" inaonekana ndogo, lakini kisemantiki ni kubwa. "Uvimbe" ni kitu. "Kuvimba" ni tendo au hali, na hali huja na kuondoka. Kifundo cha mguu kilichoteguka huvimba, kikapoa. Mfano huo wa kifundo unaweza kutajwa waziwazi, ili msikilizaji asidhani kwamba moyo umekua mkubwa. Kwa mtaalamu, "miokaditisi" ibaki. Cabré angeridhika: istilahi mbili za dhana moja, kila moja mahali pake.

4.2 Madhara, athari, maudhi na tukio

Maneno haya manne hutumiwa kana kwamba ni visawe. Si visawe. "Madhara" yanatokana na "dhuru", na maana yake ni hasara au uharibifu. "Athari" ni matokeo, mazuri au mabaya. "Maudhi" yanatokana na "udhi", nayo ni kero. Nchini Tanzania, wahudumu wa afya wamezoea kusema "maudhi madogo madogo" kwa maumivu ya mkono, uchovu na homa ya siku moja. Nchini Kenya, sote tumezoea "madhara" kwa kila kitu. Matokeo yake ni kwamba mkono unaouma na moyo uliovimba vimewekwa katika kapu moja. Msikilizaji ama anayapuuza yote, ama anayaogopa yote.

Tungefaidika kuazima utaratibu wa wenzetu: "maudhi" kwa yale madogo na ya kawaida, "madhara" kwa yale yanayohitaji hospitali, na "athari" kama istilahi ya jumla. La nne ni "tukio". Mtu akichanjwa kisha akaugua, kinachojulikana mwanzoni ni kwamba kumetokea tukio baada ya chanjo. Kama ni athari ya chanjo au la, hilo huamuliwa kwa uchunguzi. Anayeripoti tukio kwa Bodi ya Dawa na Sumu hahitaji kuthibitisha chanzo. Anahitaji kusema lililotokea. Tukilitofautisha "tukio" na "athari", watu wataripoti bila hofu ya kushtakiwa kwa uzushi.

4.3 Moyo, roho na kifua

Dalili za miokaditisi ni maumivu ya kifua, kukosa pumzi, na mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, mara nyingi ndani ya wiki moja baada ya dozi. Je, kijana atasemaje? Akisema "moyo unaniuma", atakuwa amesema kwa Kiswahili fasaha kwamba ana huzuni. Akisema "roho inanidunda", atakuwa amesema ana hofu. Mzungumzaji wa Kikuyu ana neno "ngoro", ambalo vilevile hubeba kiungo na hisia kwa pamoja, kwa hivyo lugha yake ya kwanza haitamwokoa. Akisema "nina kichomi", wengine wataelewa nimonia au maumivu ya baridi ya asubuhi, na Naro Moru baridi haikosi kulaumiwa. Akisema "kifua", atapewa dawa ya kikohozi.

Tuangalie mazungumzo haya:

Mama: Daktari, huyu kijana anasema moyo unamuuma tangu juzi.
Muuguzi: Pole, mama. Ana mawazo? Mitihani imekaribia?
Mama: Pengine ni mitihani.

Hapa hakuna mtu aliyekosea sarufi, wala hakuna aliyekosa adabu. Hata hivyo, dalili imepotea katika sitiari. Muuguzi angeweza kuuliza: "Kijana wangu, weka kidole pale panapouma. Maumivu yanazidi ukivuta pumzi au ukilala chali? Ulichanjwa lini?" Maswali hayo matatu yanauondoa moyo katika sitiari na kuurudisha katika mwili. Kwa hiyo maelezo kwa umma yasitaje "maumivu ya moyo", bali "maumivu ndani ya kifua, hata ukiwa umekaa".

4.4 Kiambishi hu-, njeo na nomino "chanjo"

Linganisha sentensi zifuatazo:

(a) Chanjo husababisha kuvimba kwa msuli wa moyo.
(b) Chanjo inaweza kusababisha kuvimba kwa msuli wa moyo.
(c) Chanjo hizi zimewahi kusababisha kuvimba kwa msuli wa moyo kwa wavulana wachache.
(d) Kijana alichanjwa, akaugua moyo.

Sentensi (a) ina kiambishi hu- cha mazoea. "Jua huchomoza mashariki": kila siku, bila kukosa. Mwandishi wa kichwa cha habari huipenda hu- kwa sababu ni fupi, lakini msomaji huipokea kama sheria ya maumbile. Sentensi (b) ni kweli, ila "inaweza" haina kipimo. Mvua inaweza kunyesha leo, na mlima unaweza kulipuka. Sentensi (c) ndiyo iliyo karibu zaidi na ushahidi, kwa kuwa inatumia hali timilifu pamoja na "wahi", inataja waathiriwa, na inataja uchache wao.

Sentensi (d) ndiyo hatari zaidi kwa sababu haionekani kusema uongo. Kiambishi -ka- huonyesha ufuatano wa matendo. Lakini katika masimulizi yetu, ufuatano huchukuliwa haraka kuwa usababishi: "alikula, akashiba". Uvumi mwingi wa chanjo husafiri kwa -ka-. Anayetaka kuwa mwaminifu atasema: "Kijana aliugua siku tatu baada ya kuchanjwa, chanzo kinachunguzwa."

Kuna jambo jingine la ngeli. "Chanjo", nomino iliyotokana na kitenzi "chanja", haibadiliki katika umoja na wingi: chanjo hii, chanjo hizi. Isipofuatwa na kivumishi au kitambulisho, hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja kikubwa. Katika mwaka 2021 hofu ya damu kuganda, iliyohusu AstraZeneca, na hofu ya moyo, iliyohusu Pfizer na Moderna, zilichanganywa kuwa "chanjo inagandisha damu inaharibu moyo". Kutoka hapo hofu ikahamia kwa chanjo zisizohusika kabisa. Chanjo dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi ilianzishwa nchini Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Chanjo ya homa ya matumbo ilitolewa katika kampeni ya Julai 2025. Hizi si za mRNA. Kanuni ya kuandika iwe rahisi: kila mara itajwe chanjo gani, ya ugonjwa gani.

4.5 "Nadra" na hesabu yake

Neno "nadra" ni zuri, lakini ni neno la vitabuni. Wakulima wa viazi wanajua hesabu za magunia, tuwape hesabu. Kesi 106 kwa dozi milioni moja ni sawa na mvulana mmoja kati ya takriban 9,400. Kesi 71 ni mmoja kati ya takriban 14,000. Tukichukua shule yenye wavulana 500, ingetubidi kukusanya shule 19 hivi za namna hiyo, wote wakiwa wa miaka 16 na 17 na wote wamepata dozi ya pili, ndipo tutarajie mgonjwa mmoja kwa kiwango kilichoripotiwa Marekani. Ulinganisho huu una faida mbili. Unamwondolea mzazi hofu kwamba kila darasa litampoteza mtoto. Vilevile unamheshimu yule mmoja, kwa sababu haumfanyi sifuri. "Nadra" isiwe kisawe cha "haipo".

5.0 Matini ya Mfano

Kutokana na uchambuzi huo, ifuatayo ni matini ambayo ingeweza kusomwa kwa sauti katika mkutano wa wazazi wakati wa kampeni ya aina hiyo:

"Wazazi wetu, chanjo tunayozungumzia leo ni ya korona, aina ya Pfizer. Baada ya sindano, vijana wengi hupata maudhi madogo: mkono kuuma, uchovu, homa ya siku moja au mbili. Kuna madhara mengine ambayo ni ya wachache sana, hasa wavulana, hasa baada ya dozi ya pili: msuli wa moyo kuvimba. Katika takwimu za Marekani, walikuwa mmoja kati ya wavulana 9,400 hivi wa miaka 16 na 17. Wengi wao walitibiwa wakapata nafuu. Wachache walihitaji kufuatiliwa kwa muda mrefu. Korona yenyewe pia huweza kuvimbisha moyo. Kijana akisikia maumivu ndani ya kifua hata akiwa amekaa, akikosa pumzi bila kupanda mlima, au moyo ukienda mbio bila sababu, katika wiki ya kwanza, asikimbie, asibebe mizigo, na aletwe hospitalini siku hiyohiyo. Mwambieni daktari tarehe aliyochanjwa. Mnayo ruhusa ya kuuliza, na mnayo ruhusa ya kukataa."

Matini hii haitumii majina ya kitabibu ya kutoholewa kama miokaditisi. Imetaja chanjo gani, imetenga maudhi na madhara, imetoa hesabu, imeeleza dalili kwa mwili badala ya sitiari, na imesema la kufanya. Sentensi ya mwisho ndiyo inayoigeuza taarifa kuwa ombi la idhini. Bila hiyo, matini yote ingekuwa tangazo.

Huenda msomaji akapinga kwamba kuwaeleza wazazi yote haya kutawafukuza. Pingamizi hili ni zito, na wapo wataalamu wa afya wanaoliamini kwa nia njema. Jibu letu ni kwamba taarifa haikosi kuwafikia. Mzazi wa Naro Moru ana simu, ana jirani, ana kanisa. Mwaka 2014 mjadala mkali kuhusu chanjo ya pepopunda kati ya maaskofu wa Kanisa Katoliki na serikali ulitufunza kwamba shaka isiyojibiwa kwa lugha iliyo wazi haifi, hubadilisha mavazi. Mzazi akisikia kwanza kutoka kwa muuguzi, akampata muuguzi huyo kuwa mkweli kwa jambo dogo, atamwamini kwa kubwa. Akisikia kwanza kutoka kwingine, muuguzi atakuwa amechelewa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kati ya maabara na sebule ya mzazi kuna kazi inayotuhusu sisi. Kamusi za tiba zipo, na wanaistilahi wamefanya kazi kubwa. Kinachopungua ni kuzipima istilahi hizo katika vinywa vya watu: je, mama akiambiwa hivi, ataona nini machoni pa moyo wake? Kampeni ya mwaka 2021 na 2022 imepita. Nyingine zitakuja, na chanjo mpya zitakuja na athari zake. Tofauti kati ya "uvimbe" na "kuvimba", kati ya hu- na "imewahi", kati ya "tukio" na "athari", ni mambo tunayofundishwa katika muhula wa kwanza. Tusiyaache darasani. Mkubwa hukosea kusema akasamehewa. Lakini mzazi aliyetia sahihi asichokielewa, hata kikitokea chema, hakuidhinisha kitu.

Maswali ya majadiliano

1. Jadili ubora na udhaifu wa istilahi "homa ya moyo" ukizingatia ruwaza ya "homa ya ini" na "homa ya uti wa mgongo".
2. Kusanya vichwa vitano vya habari kuhusu chanjo katika magazeti ya Kiswahili. Bainisha matumizi ya hu-, "-weza" na -ka-, kisha uviandike upya kwa kuzingatia ushahidi uliomo ndani ya habari zenyewe.
3. Katika lugha yako ya kwanza, je, neno la moyo kama kiungo linatofautiana na neno la moyo kama hisia? Eleza jinsi jambo hilo linavyoweza kuathiri mazungumzo ya mgonjwa na muuguzi.
4. "Istilahi mbili kwa dhana moja ni udhaifu wa lugha." Jadili kauli hii kwa kurejelea mitazamo ya Wüster na Cabré.